Gari Likizimika Njiani: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Vipuri

Ndugu Makatibu, pikapu kuukuu la chama huzimika likipanda miteremko ya Mlima Meru, lakini likifikishwa kwa fundi Levolosi huunguruma vizuri. Hapo vipuri hununuliwa kwa kubahatisha, na fedha za wanachama hupotea.

Uchunguzi ufanywe papo hapo linapozimika. Kwanza, fungueni kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa mlio, kisha injini ikawaka, tundu lake la hewa limeziba. Pili, tazameni cheche ya plagi, mbali na petroli. Ikikosekana, kisha ikarejea injini ipoapo, ishukiwe koili. Cheche ikiwa nzuri, safisheni chujio na kabureta.

Dereva aandike kila tukio daftarini. Kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ichumwapo, haingoji.