Tumbo la mchwa na mabaki ya mimea

Mwanafunzi mmoja aliniomba nimsaidie kueleza kwa Kiswahili sanifu jambo alilofundishwa kwa Kifaransa: jinsi bakteria waishio tumboni mwa mchwa wanavyoweza kutuzalishia kemikali kutokana na mabaki ya mimea. Mimi ni mwanaisimu, si mwanakemia. Hata hivyo kazi hiyo ilinionyesha kwamba neno lisilo wazi laweza kumpeleka mtafiti kwenye kichuguu kisicho chake.

Magunzi ya mahindi, makapi ya miwa na vumbi la mbao vina sukari tele, ila imefungwa katika minyororo mirefu ya selulosi na hemiselulosi, nayo imegandamana na lignini, ile dutu iupayo mti ugumu wake. Tumbo la binadamu haliwezi kuifungua selulosi. Mchwa alaye kuni anaweza, kwa kuwa katika utumbo wake wa nyuma, wenye ujazo wa takriban maikrolita 1, bakteria hutoa vimeng'enya vikatavyo minyororo hiyo. Sukari ipatikanayo huchachuka ikawa asidi ya asetiki, yaani asidi ile ile ya siki, naye mchwa huifyonza kama chakula.

Mwaka 2007 kundi la wataalamu lilichapisha uchunguzi wa jeni za bakteria wa mchwa aina ya Nasutitermes kutoka Costa Rica, likakuta jeni nyingi za kukata selulosi na zailani. Kwa nini jeni, wala si bakteria wenyewe? Kwa sababu wengi wao hawakubali kufugwa maabarani. Kiini cha utumbo ule hakina oksijeni. Basi jeni huhamishiwa ndani ya bakteria mtiifu zaidi, kama Escherichia coli, naye hutengeneza kimeng'enya. Sukari itokayo yaweza kuchachushwa ipatikane ethanoli au asidi za viwandani. Kizuizi ni gharama, na hasa lignini.

Turudi kwenye neno. Vichuguu vikubwa vya Lubumbashi, ambavyo watu huchimba udongo wake wafyatulie matofali, ni vya Macrotermes. Huyu naye twamwita mchwa. Akiota mabawa, kumbikumbi. Lakini yeye hutegemea zaidi kuvu iitwayo Termitomyces, anayoilima ndani ya kichuguu, na ndiyo ituleteayo ule uyoga mtamu wa masika. Atafutaye kazi ya bakteria peke yao akianzia hapo, amekosea mlango.

Nilimpendekezea mwanafunzi wangu mchwa-kuni kwa yule wa kwanza, na mchwa-mkulima kwa huyu wa pili. Msomaji aliyesikia majina bora zaidi kwa wazee wa Katanga, tafadhali atuletee.