Kumuuguza Kijana Anayepandikizwa Uloto: Utangulizi

Mtu akilazwa Bunia, mashariki mwa Kongo, ukoo mzima hulazwa naye. Mama anatandika mkeka kando ya kitanda, shangazi anafika na thamosi ya chai na sufuria ya bugali, wanakwaya wanaingia jioni kuomba, na majirani wasiojua hata jina la ugonjwa wanapita kusema pole. Hayo hayafundishwi shuleni. Anayehurumiwa wodini ni yule asiye na watu. Fani ninayokukaribisha kuisoma inaanzia pale desturi hii njema inapogonga ukuta, maana kuna tiba ambayo kwa wiki kadhaa shangazi mwenye mafua kidogo anaweza kumuua mgonjwa aliyekuja kumfariji. Tumuuguze vipi mtu ambaye tunakatazwa kumsogelea?

Tiba yenyewe ni upandikizaji wa seli shina, zile zinazokaa ndani ya uloto wa mifupa na kuzaa damu yote ya mwili. Duniani wengi hufikishwa hapo na saratani ya damu. Kwetu mlango mkuu ni SS, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Watanzania huuita selimundu. Mwalimu yeyote wa Bunia atakutajia mwanafunzi anayekosa masomo kila mara kwa maumivu ya mifupa. Kwamba SS inaweza kupona kwa njia hii kulijulikana kwa bahati: mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za binti wa miaka 8 aliyepandikizwa uloto kwa ajili ya saratani ya damu, na SS yake ikaondoka pamoja nayo. Mwaka 1988 Christiane Vermylen na wenzake wa Brussels wakachapisha habari za watoto watano, na miaka 10 baadaye za wagonjwa 50. Wengine kati yao walipandikizwa mapema, kabla SS haijawatesa sana, kwa sababu wazazi wao walikusudia kurudi Afrika. Leo si lazima kufika Ulaya wala India: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu tangu 2023.

Umri una uzito wake. Taarifa za wagonjwa 1,000 waliopewa uloto na ndugu wa damu anayelingana nao, zilizochapishwa mwaka 2017, zinaonyesha kwamba baada ya miaka mitano walikuwa hai 95 kati ya kila 100 waliopandikizwa kabla ya kutimiza miaka 16. Kwa wenye miaka 16 na zaidi, walikuwa 81. Kijana wetu anasimama kwenye mpaka huo huo, na kwa maoni yangu ana haki ya kuambiwa hivyo na mtu mzima aliye tayari kukaa asikilize atakalojibu.

Siku yenyewe ya kupandikizwa huwashangaza ndugu kwa udogo wake. Muuguzi anatundika mfuko wa majimaji mekundu, yanashuka kupitia mpira ulioingizwa kifuani, na baada ya saa chache mfuko ni mtupu. Mama aliyekwisha kuona mwanawe akiongezewa damu mara nyingi anauliza: ni hiyo tu? Kazi kubwa ilifanyika siku zilizotangulia, dawa kali zilipoua uloto wa zamani. Kazi nyingine kubwa inafuata, seli mpya zikitafuta makao mifupani. Kwa wiki mbili hadi nne hivi mwili hauna askari wa kuulinda. Mdomo unajaa vidonda, chakula hakipiti, nywele zinabaki kwenye mto. Akitoka wodini hukaa karibu na hospitali hadi siku ya 100 hivi, na dawa za kuzuia seli za ndugu yake zisimshambulie huendelea kwa miezi.

Wiki hizo kijana anatengwa na watu, na kutengwa si jambo geni kwa watu wa Ituri, mkoa wa Bunia. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, wengi wao Kivu ya Kaskazini na hapa kwetu. Mwanzoni jamaa waliona mgonjwa wao akiingia nyuma ya uzio na kutoka akiwa amefungwa ndani ya mfuko, na wengi wakaamua kuwaficha wagonjwa nyumbani. Shirika la matibabu la ALIMA lilileta Beni, Kivu ya Kaskazini, vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akaweza kusimama nje, akamwona mtu wake na kuzungumza naye. Waliopona, ambao miili yao ilikwisha kupata kinga, walibeba watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hazina hiyo ya maarifa ni yetu, na sioni sababu ya kuisubiri itoke vitabu vya Ulaya. Ila mwelekeo umegeuka. Wakati ule uzio uliwakinga watu na mgonjwa. Humu mlango unamkinga mgonjwa na watu. Kijana wa leo alikuwa mtoto wakati wa Ebola, lakini si mdogo wa kusahau uzio. Asipoelezwa mapema, mlango ukifungwa atadhani amepelekwa kufa.

Anayeuguza humo ndani huwa mmoja, aghalabu mama. Wengine wote wanauguzia mbali, na hapo ndipo pana ufundi. Simu 30 kwa siku zinamchosha kijana kuliko homa. Ukoo ukichagua msemaji mmoja, anayepiga kila jioni saa ile ile na kusambaza habari kwa wengine, mgonjwa anapumua. Wenzake wa darasani watume sauti kwa WhatsApp, pamoja na umbea wa shule. Ana haki ya kununa, na ya kukataa maombi ya saa nzima siku anayotapika.

Yapo ya kuzungumzwa kabla ya safari. Dawa zile zinaweza kumnyima uwezo wa kuzaa, na wazazi wengi hunyamaza kwa aibu; afadhali mjomba au shangazi aliyezoea kusema naye mambo ya utu uzima. Yupo pia ndugu anayetoa uloto. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Uloto huchotwa nyongani mwa mtoaji akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na mwili wake huurudisha baada ya wiki chache. Lakini mambo yakiharibika, mtoto huyu anaweza kuamini kwamba damu yake ndiyo iliyoua. Aulizwe kama anakubali, na atembelewe yeye pia.

Kisha kuna kurudi. Bunia inamngojea na vumbi lake jekundu, na malaria, na sherehe ambayo kila mtu anataka kumkumbatia. Atahitaji chandarua, maji yaliyochemshwa, chanjo za utotoni kuanza upya, na mtu wa kumkumbusha vidonge siku anazojiona mzima kabisa. Miaka ikipita atataka kuoa au kuolewa, na atapimwa damu. Kipimo kitasoma damu ya ndugu yake: AA, yaani isiyo na S, au AS, yenye S moja tu. Mbegu zake za uzazi hazikubadilika: kila mtoto atakayemzaa atarithi S kutoka kwake, na mchumba akiwa AS, mimba moja kati ya mbili inaweza kuwa ya SS. Karatasi ya maabara peke yake itawadanganya wachumba, mchungaji na hata daktari asiyejua habari yake.

Zoezi la kwanza la somo hili, basi, ni kuandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mama mkwe ataelewa, ambayo kijana ataitia mfukoni siku ya kwenda kupima.