Mgonjwa Aulizwe Uji: Tiba Shufaa kwa Kaya za Likunja

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Nia yake ni njema: mwenye kuuguza asingoje kuombwa, bali apike, apooze, ampelekee. Kwa mgonjwa wa malaria anayetarajiwa kuinuka baada ya siku chache, methali hiyo haina kosa. Lakini katika kata ya Likunja wilayani Ruangwa, kama ilivyo katika vijiji vya jirani hadi Nachingwea, huwapo pia wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani kwa sababu tiba ya kuwaponya haipo tena: mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, au mzee ambaye moyo wake umechoka. Kwao uji huwa jambo zito. Anayelishwa kwa nguvu hupaliwa. Anayekataa huambiwa amekata tamaa. Na binti aliyeshika kijiko huweza kujilaumu miaka mingi baada ya mazishi. Uuguzi wa tiba shufaa huanzia hapo, kwa kumuuliza mgonjwa.

Maana na asili yake

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai wake, pamoja na mateso ya familia yake. Neno shufaa Waislamu wa pwani hulifahamu kwa maana ya uombezi, yaani kusimama upande wa mtu mbele ya mwenye uwezo, na kwa hakika muuguzi wa huduma hii husimama upande wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba huduma hiyo ianze mapema, sambamba na matibabu mengine, isingoje siku za mwisho. Shirika hilo hukadiria kuwa watu wapatao milioni 56.8 huihitaji kila mwaka duniani, na kwamba ni asilimia 14 tu yao wanaoipata.

Msingi wake wa kisasa uliwekwa na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu yana sura nne: ya mwili, ya nafsi, ya maisha ya jamii na ya roho. Afrika Mashariki ilipokea fundisho hilo mapema. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Hospitali ya Selian mkoani Arusha na hospitali ya Muheza mkoani Tanga ni miongoni mwa zilizotangulia.

Umbali kama sehemu ya ugonjwa

Kutoka Likunja hadi Ocean Road ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, magari yalikwama kwa siku kadhaa. Mgonjwa asiyeweza kuketi saa moja hawezi kufunga safari hiyo kila dawa inapokwisha. Kwa hiyo huduma haina budi kumfuata alipo, kwa kupitia hospitali ya wilaya, zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kalenda ya kilimo nayo ina sauti yake. Wakati wa kuokota korosho, watu wazima wa kaya hushinda shambani, na mgonjwa huachwa na bibi au mtoto wa shule. Muuguzi anayeiona hali hiyo hatoi lawama. Huuliza nani yupo mchana, nani yupo usiku, na ni jirani gani anayeweza kupita adhuhuri kutoa dawa na kumgeuza mgonjwa.

Maumivu na hofu ya mofini

Kwa maumivu makali ya saratani, dawa iliyothibitika ni mofini, na nyumbani hutumika zaidi ile ya maji, inayonywewa. Nguvu yake hudumu takribani saa nne. Hivyo hutolewa kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yarudi. Kipimo hupangwa na mtaalamu na huongezwa hatua kwa hatua kwa kumsikiliza mgonjwa. Usingizi na kichefuchefu huweza kutokea siku za mwanzo, kisha hupungua. Kufunga choo hakupungui. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa siku ileile.

Familia nyingi huiogopa dawa hii. Wengine huiona kuwa dawa ya kumharakisha mtu, wengine kuwa ulevi. Muuguzi hueleza kwamba ikitumiwa kwa kipimo cha maumivu haiui, na kwamba anayeitumia kwa maumivu ya saratani hafanani na mtumiaji wa dawa za kulevya. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyefanya kazi kijijini: pale daktari alipo mbali, muuguzi ndiye aliye karibu.

Kazi nyingine hazihitaji dawa adimu. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Kinywa husafishwa kwa maji yenye chumvi kidogo. Kidonda cha saratani chenye harufu hutulizwa kwa unga wa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa, kwa maelekezo ya mtaalamu. Harufu inapopungua, wageni hurudi kuketi karibu, na mgonjwa huacha kujiona mzigo.

Mazungumzo na wenye neno

Miongoni mwa Wamwera, walio wengi katika wilaya hizi, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba huwa na neno katika mambo mazito. Muuguzi anayezungumza na mume peke yake huenda akakuta uamuzi umebadilika kesho yake. Hata hivyo, heshima kwa wakubwa haimfuti mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi ndugu husema, “Usimwambie, atakufa kwa hofu,” ilhali mgonjwa anajua, naye ananyamaza ili kuwalinda wao.

Njia iliyo salama ni kuuliza kabla ya kueleza. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani, muuguzi aweza kusema, “Bibi, ugonjwa huu wewe mwenyewe unauelewaje?” Kisha, “Ungependa nikueleze yote, au nizungumze na mtu utakayemchagua?” Wapo watakaosema, “Mwambie kaka yangu.” Hilo nalo ni jibu, na huheshimiwa. Wapo watakaotaka kujua, kwa sababu kuna deni la kulipa, shamba la mikorosho la kugawa, au mtoto aliye mbali wa kuitwa.

Siku za mwisho na baada yake

Kifo kinapokaribia, mwili hupoteza haja ya chakula. Mgonjwa haachwi afe njaa. Ni ugonjwa unaomwondolea njaa. Hapo midomo hulowanishwa kwa kitambaa safi, na vijiko vidogo hutolewa akitaka na akiweza kumeza. Pumzi ikianza kukoroma, hulazwa ubavu. Kusikia huenda kukadumu hata macho yakifumba. Kwa hiyo yasemwe mbele yake yale tu ambayo angependa kuyasikia. Familia ya Kiislamu itataka kumwelekeza kibla na kumtamkia shahada. Ya Kikatoliki itataka mpako wa wagonjwa. Muuguzi huuliza mapema, ili shehe au padri asiitwe usiku wa manane akiwa amechelewa.

Kazi haiishii kaburini. Ziara fupi baada ya arobaini ina thamani kubwa, hasa kwa yule aliyekuwa akilala chini kando ya kitanda cha mgonjwa. Muuguzi naye hubeba huzuni za nyumba nyingi, na huhitaji mwenzake wa kumsikiliza.

Katika ziara kama hiyo swali la binti huweza kuwa moja tu: “Kama ningemlazimisha ule uji, angeishi?” Muuguzi aliyekuwa naye tangu mwanzo anaweza kumjibu kwa haki: “Hapana, mwanangu. Ulimuuliza, akasema ameshiba. Ulimsikiliza.”