Ubuyu wangu ulifika Dodoma umekuwa rojo

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hii ni ya wale hasa mnaouza vitu vya sukari: ubuyu, kashata, achari tamu, pipi za nyumbani. Mie nimejifunza kwa pesa yangu, nyie jifunzeni bure.

Mwaka jana mwezi wa nne nilipata oda kubwa ya kwanza, kilo 15 za ubuyu kwenda Dodoma. Nikapika usiku kucha hapa Mji Mkongwe, alfajiri nikafunga, mzigo ukapanda boti ya asubuhi, Dar ukaingia kwenye basi. Baada ya siku mbili napokea video WhatsApp. Mteja anafungua mfuko, ubuyu umeshikana donge moja, chini rojo jekundu limejaa. Akaniandikia: "Dada, huu ni ubuyu au juisi?"

Nilirudisha pesa yote pamoja na nauli ya mzigo. Mtaji ukakatika hapohapo.

Kwanza nikasema mzigo umemwagiwa maji njiani. Lakini kwenye video boksi lilikuwa kavu kabisa. Sasa yale maji yalitoka wapi?

Mie niliishia Form Four na kemia sikuiweza, lakini siku ile nilikaa jikoni na gilasi nne. Moja maji baridi, moja maji ya moto, moja maji ya ndimu, moja mafuta ya kupikia. Kila gilasi nikatia pipi ngumu moja, zote sawa. Ya maji ya moto iliyeyuka mwanzo. Ya baridi na ya ndimu zilichukua muda lakini nazo zikaisha. Ya kwenye mafuta nililala nikaamka, ipo vilevile! Ningeifuta ningeila.

Nikaanza kusoma. Sukari na maji wanapendana mno. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kumeza karibu kilo 2 za sukari, na yakiwa yanachemka yanafika karibu kilo 5. Ndiyo maana shira ikipoa huku unakoroga, sukari iliyozidi inarudi kuwa chenga na kuganda juu ya mbegu. Ule ukavu mweupemweupe unaouona kwenye ubuyu mzuri ndio huo. Mafuta hayaiyeyushi sukari, na nadhani ndiyo sababu wengine hutia kijiko cha mafuta kwenye shira. Kidogo tu lakini, ukizidisha unanuka mafuta ya zamani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga ubuyu ukiwa na joto. Mvuke unatoka, unagonga plastiki, unageuka matone, matone yanaanza kula sukari. Yaani maji niliyafunga mwenyewe.

La pili alinifumbua macho bibi yangu. Nilipomuelezea akacheka, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kaimati shira yake tunatia ndimu ya nini?" Isigande. Basi kumbe uchachu ukichemka na sukari unaivunja, inapatikana sukari nyengine isiyoganda upesi na inayovuta unyevu wa hewani. Na ubuyu wenyewe ni mchachu! Mie nilikuwa natia mbegu shira ikiwa bado inachemka, naziacha motoni nikidhani ndio rangi inashika vizuri.

Siku hizi napika shira peke yake, na rangi, iliki na pilipili manga, mpaka ivute uzi ukiigusa baina ya vidole viwili (ipoze kwenye kijiko kwanza, usije ukaungua). Nazima moto, ndipo namimina ubuyu, nakoroga bila kuacha mpaka ukauke. Mkono unauma, vumilia. Halafu natandaza kwenye masinia ndani ya nyumba. Ukipoa kabisa tu, unaingia kwenye makopo yenye mfuniko wa kubana. Kusafirisha natumia mifuko minene ya zipu, natoa hewa kabla ya kufunga.

Usiuache wazi usiku. Nilijaribu wakati wa masika, sahani moja dirishani na nyengine ndani ya kopo. Asubuhi ya dirishani inanata vidole, ya kopo inagongana kama kokoto. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa yenyewe ina maji.

Yule dada wa Dodoma nilimtumia kilo 2 bila malipo, nikamuomba afungue huku anarekodi. Ubuyu ukamwagika mmojammoja. Ile video ndiyo niliyoibandika juu kwenye ukurasa wangu hadi leo.

Mwezi wa nne huu, mvua inanyesha, kachukua kilo 8. Alichouliza ni mbona bei imepanda mia tano. Nikamwambia, dada yangu, ni mifuko.