Dereva wa Waifai: Programu Ndogo Inayoamua Simu na Ruta Yako Vitadumu Miaka Mingapi

Msikilizaji wetu, unapogusa alama ya waifai kwenye simu yako, unawasha redio. Ni redio kweli, ndugu ya hiyo unayotusikilizia nyumbani au shambani. Tofauti yake kubwa ni masafa. Redio za FM hurusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108, wakati waifai hutumia masafa ya megahezi 2,400 na ushee, na vifaa vipya zaidi hutumia pia megahezi 5,000 na ushee. Tofauti nyingine ni kwamba redio ya nyumbani hupokea tu, lakini waifai ya simu hupokea na kurusha.

Redio hiyo ndogo ya kwenye simu haina kitufe cha kuzungushia stesheni. Kazi hiyo hufanywa na programu ambayo mafundi huiita draiva. Neno hilo lina asili moja na dereva tunayemjua: gari likiwa zima namna gani, bila dereva haliendi. Chipu ya waifai nayo ikiwa nzima lakini haina draiva inayoifaa, simu au kompyuta haioni mtandao wowote.

Katika makala haya tunaeleza draiva hiyo hufanya nini, nani huiandika, na kwa nini mtu wa Songea, Namtumbo au Mbinga anunuaye simu ya mkononi mwa mtu au ruta ya shule ana sababu ya kuijua. Ndiyo ambayo mara nyingi huamua kifaa kitadumu miaka mingapi.

Linux iliyo mfukoni mwako

Kila simu na kompyuta ina programu kuu inayosimamia nyingine zote. Hugawa kumbukumbu, husimamia betri, na huamua nani azungumze na kamera au antena. Sehemu ya ndani kabisa ya programu hiyo huitwa kerneli, yaani kiini. Kama simu yako ni ya Android, kiini chake ni Linux.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Tangu mwanzo maandishi yake yamekuwa wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa, ila kwa sharti moja: ukiiuza au kuigawa Linux uliyoibadilisha, lazima wale uliowapa waweze kupata maandishi ya mabadiliko yako. Ndiyo maana inaitwa programu huria. Leo Linux imo kwenye simu za Android, kwenye ruta nyingi za waifai, na kwenye seva kubwa zinazoendesha intaneti duniani.

Draiva za waifai zimo ndani ya kerneli hiyo. Lakini kwa muda mrefu, hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote kuwekwa wazi.

Ruta iliyofunguliwa nusu

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri ni cha ruta ya Linksys iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 watu wanaofuatilia Linux waligundua kwamba ndani ya ruta hiyo kulikuwa na Linux, lakini kampuni haikuwa imetoa maandishi yake kama sharti linavyotaka. Baada ya kubanwa, kampuni iliyatoa mwaka huohuo. Mwaka 2004 wataalamu wa kujitolea waliyatumia kuanzisha mradi wa OpenWrt, programu huria ambayo mpaka leo huwekwa kwenye ruta za aina nyingi.

Kulikuwa na kasoro moja. Sehemu zote muhimu zilikuwa wazi isipokuwa draiva ya waifai. Chipu ilitengenezwa na kampuni ya Broadcom, na draiva yake ilitolewa ikiwa imefungwa: unaweza kuitumia, huwezi kuisoma wala kuirekebisha. Draiva hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Linux ya zamani, toleo la 2.4. Kerneli mpya zilipotoka, wenye ruta hizo hawakuweza kuhamia. Wangehama, waifai ingekufa.

Wataalamu wakaamua kuichunguza chipu wenyewe. Walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza jinsi draiva iliyofungwa inavyoongea na chipu, kisha likaandika maelezo. Kundi la pili lilisoma maelezo hayo tu, bila kugusa draiva ya kampuni, likaandika draiva mpya. Walifanya hivyo ili asipatikane mtu wa kusema wameiba kazi ya mwenzao. Draiva yao iliingia rasmi kwenye kerneli mwaka 2006. Miaka minne baadaye, Septemba 2010, Broadcom wenyewe walitoa draiva ya wazi kwa chipu zao mpya.

Somo lake ni rahisi. Kifaa chenye draiva iliyofungwa huishi kwa muda ambao kampuni inataka kiishi. Chenye draiva ya wazi huishi mradi yupo mtu wa kuitunza.

Nani huziandika

Baadhi ya waandishi ni waajiriwa wa kampuni za chipu, wengine ni wanafunzi, wengine watu wa kujitolea. Mtu akiona kasoro huandika rekebisho, huliwekea jina lake, na hulituma kwa barua pepe ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Wenzake hulikosoa mbele ya wote. Likiwa na dosari hurudishwa, hata kama mwandishi anatoka kampuni kubwa. Likikubaliwa, hupitia kwa msimamizi wa eneo hilo. Kwa upande wa waifai, jina linalojulikana kwa miaka mingi ni Johannes Berg. Mwishoni hufika kwa Torvalds. Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10.

Utaratibu huo una sehemu inayotuhusu Watanzania moja kwa moja. Masafa ya redio yana sheria, na kila nchi ina zake. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ili draiva isirushe mawimbi mahali pasiporuhusiwa, Linux hutumia orodha ya nchi. Kila nchi ina herufi mbili na mistari michache inayotaja masafa yanayoruhusiwa na ukomo wa nguvu ya kurusha. Humo kuna mistari ya TZ.

Mistari hiyo ikiwa nyuma ya kanuni za sasa, kifaa kinaweza kuacha chaneli inayoruhusiwa, au kurusha kwenye isiyoruhusiwa. Kuirekebisha hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji mtu anayesoma kanuni za TCRA, anayeandika rekebisho la mistari michache na kuambatanisha hati rasmi kama ushahidi. Kijana anayesoma ufundi wa kompyuta hapa Songea anaweza kuanzia hapo.

Athari ya orodha hii unaweza kuiona hata nyumbani. Waifai ya megahezi 2,400 ina chaneli zenye namba. Nchi nyingi zinaruhusu chaneli ya 1 hadi ya 13, lakini vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida huishia ya 11. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, kompyuta mpakato iliyotoka Marekani inaweza isiione kabisa, huku simu iliyo pembeni yake inaiona vizuri. Watu hudhani kompyuta imeharibika. Kabla ya kumlipa fundi, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, kisha ujaribu tena.

Umbali ni suala la kusubiri

Watu wengi wanaamini waifai haifiki mbali kwa sababu ya udhaifu wa nguvu. Nguvu ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni saa iliyo ndani ya draiva.

Kila waifai ikituma kipande cha ujumbe, husubiri jibu la "nimepata". Jibu lisipofika kwa wakati, huhesabu kwamba kipande kimepotea na kukituma upya. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, sawa na mita 300 kwa mikrosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Chukua umbali wa kilomita 20, ambao haupishani sana na ule wa kutoka Songea mjini hadi Peramiho. Kwenda tu ni mikrosekunde kama 67, na kwenda na kurudi ni kama 133. Waifai iliyopangwa kwa matumizi ya sebuleni husubiri muda mfupi kuliko huo. Hukata tamaa jibu likiwa bado njiani, hutuma tena, hukata tamaa tena, na mtandao unakwama ingawa mawimbi yanafika.

Draiva inayokubali kuelezwa umbali hutatua tatizo hilo. Mwaka 2006 nchini Venezuela, Profesa Ermanno Pietrosemoli na wenzake walichukua ruta za WRT54G, zilezile tulizozitaja, wakaziwekea OpenWrt iliyowaruhusu kurefusha muda wa kusubiri, na wakaziunganisha na antena kubwa juu ya milima. Waliunganisha vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 279.

Kwa mkoa wetu wenye milima kama Matogoro, elimu hii ina maana. Kilima kinaweza kuzuia mawimbi, na kilima hichohicho, ukiweka antena juu yake, kinaweza kuyapeleka mbali, mradi antena mbili zionane bila kizuizi. Hapa Tanzania upo pia mfano wa mtandao wa jamii huko Kondoa, mkoani Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma na tawi la Tanzania la Internet Society walishirikiana kupeleka intaneti kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Hizo si waifai za kawaida, lakini wazo ni lile lile la jamii kujiunganishia mtandao bila kusubiri mnara.

Tahadhari: shule, zahanati au AMCOS inayotaka kuunganisha majengo yaliyo mbalimbali iwaulize TCRA kwanza kuhusu masafa, nguvu inayoruhusiwa na leseni. Kuongeza nguvu kiholela ni kosa, na huwavurugia wengine.

Simu kuukuu na mlango usiofungwa

Sasa tuje kwenye simu ya mkononi mwako. Draiva ikiwa na kasoro, huwa kama mlango usio na komeo. Oktoba 2022 zilitangazwa kasoro kadhaa katika sehemu ya Linux inayosimamia waifai. Zilihusu matangazo mafupi ambayo kila ruta hurusha kama mara 10 kwa sekunde kutaja jina lake, mfano wa redio inavyotaja jina lake hewani. Mtu mbaya aliye karibu angeweza kurusha tangazo la uongo lililotengenezwa kwa hila na kuvuruga kifaa, hata kabla hakijaunganishwa na waifai yoyote. Kwa kuwa maandishi yako wazi, marekebisho yalitoka mwezi huohuo.

Lakini rekebisho kutoka si sawa na kukufikia. Simu nyingi zina draiva za chipu ambazo kampuni imezitengenezea kerneli moja tu. Kampuni ikiacha kuishughulikia simu hiyo, hubaki ilipo. Kwa mfano, kerneli ya 4.14 ilitoka Novemba 2017, na utunzaji wake rasmi ulikoma Januari 2024. Simu yenye kerneli hiyo bado inapiga na kupokea, lakini mlango wake hautengenezwi tena na wenye Linux. Kwa mtu anayeweka akiba na malipo ya mazao kwenye simu, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo, kabla hujalipa pesa ya simu mpya au iliyotumika, fanya haya:

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, kisha Toleo la Android. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama na namba ya toleo la kerneli. Sasisho likiwa la miaka mitatu iliyopita, punguza bei au tafuta simu nyingine.

Gusa sehemu ya kusasisha mfumo uone kama kuna sasisho jipya. Sasisho la kweli hupatikana humo ndani ya Mipangilio. Halitumwi kwa meseji wala kwa kiungo cha WhatsApp, na haliombi namba ya siri.

Kama simu yako imeshaachwa na kampuni, zima waifai unapokuwa stendi, sokoni au kwenye mkusanyiko, na fanya miamala kwa bando la laini yako.

Kwa shule au ofisi inayonunua ruta, muulize muuzaji kama aina hiyo inakubali OpenWrt. Ikikubali, inaweza kuendelea kupata marekebisho hata baada ya kiwanda kuisahau.

Na kompyuta mpakato iliyowekwa kando kwa sababu Windows yake imezeeka, usiiuze kwa bei ya kutupa. Mwambie fundi aijaribu na Linux kwa kutumia flashi, bila kufuta chochote. Waifai yake ikiwaka, draiva ipo, na kompyuta hiyo bado ina miaka ya kazi mbele yake.