Zebaki Isiingie Ziwani

Kwa wananchi wa Mwanza, Geita na Mara, samaki ndiye kitoweo cha kila siku. Mfanyakazi atokaye kazini hununua dagaa, sato au kipande cha sangara, nyumba nzima ikashiba. Kwa hiyo jambo lo lote liwezalo kumtia samaki sumu si la mvuvi peke yake; ni letu sote.

Sumu tunayoisema ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huichanganya na mawe yaliyosagwa ili inase chembe za dhahabu, kisha huichoma. Zebaki huruka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Lakini mvuke huo haupotei. Huanguka chini, na mvua huuchukua pamoja na mabaki ya machimboni mpaka mtoni, na kutoka mtoni hufika ziwani. Huko vijidudu vya matopeni huigeuza zebaki kuwa ya namna iliyo kali zaidi. Uduvi huipata kidogo. Samaki wadogo walao uduvi huipata zaidi. Naye sangara mkubwa, awalaye wote hao, huilimbikiza kupita wote. Ikisha kumwingia samaki, haitoki kwa kuoshwa, kukaangwa wala kuanikwa juani. Aumiaye zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mamaye, kwani sumu hiyo hushambulia ubongo unaokua.

Wajapani walijifunza hayo kwa machungu. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitangazwa huko Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Mwaka 1965 ukazuka tena Niigata, safari hii kwa walaji wa samaki wa mto Agano. Watu walipooza, wengine wakafa, na watoto wakazaliwa vilema.

Hatusemi haya ili watu waache samaki. Vipimo vilivyofanywa katika Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba samaki wengi wamo chini ya kiasi cha nusu miligramu ya zebaki kwa kilo moja. Hiyo ni akiba yetu, na akiba hulindwa.

Wala hatumlaumu mchimbaji atafutaye riziki. Yeye ndiye wa kwanza kuuvuta mvuke huo, na wanawe hula samaki wale wale.  Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, baada ya maafa mengi, nao wataka uchomaji wa zebaki hadharani na katika makazi ya watu ukomeshwe. Tanzania imeuridhia. Basi yatupasa tuutimize kwa vitendo: mchimbaji apatiwe chombo chenye mfuniko kinachonasa mvuke, afundishwe njia zisizohitaji zebaki, mabaki yawekwe mbali na mito, na samaki wapimwe mara kwa mara, matokeo yakitangazwa kwa wananchi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na zebaki ikisha kuingia ndani ya samaki, hakuna fundi wa kuujenga ukuta huo.