Goma: kulipwa kwa faranga, kulipa kwa dola

Mpe mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, noti ya dola 20 uone. Ataiinua kwenye mwanga, atapapasa kingo zake, na akikuta imechanika kidogo tu, hata upana wa ukucha, atakurudishia. Noti ya faranga 500 iliyolegea na kupigwa gundi katikati, hiyo kwa kawaida huipokea bila neno. Watoto wetu wanaokulia huku Ulaya huona ni ajabu: dola ni dola. Kwa Goma dola ni benki. Ndiyo akiba yenyewe, kwa hiyo hukaguliwa kama akiba.

Tulifikaje hapo? Mwaka 1967 Rais Mobutu alipotoa sarafu ya zaire, zaire 1 ilikuwa dola 2. Kisha mwaka 1973 biashara na mashamba ya wageni yakagawiwa wakubwa, bei ya shaba ikaanguka, na mikopo ya miradi kama umeme wa Inga ikaendelea kudaiwa. Serikali isiyo na kitu ikachapa noti. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Aliyekuwa ameficha pesa chini ya godoro akabaki na karatasi. Faranga ilipoanza mwaka 1998, chini ya 2 kwa dola, watu walikuwa wameshaapa kutoiamini tena sarafu ya nchi. Na hawakukosea sana, maana mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa imepita faranga 2,800.

Ndiyo maana Goma kodi ya nyumba na garanti ya miezi kadhaa hutajwa kwa dola. Lakini msukuma chukudu, ile skuta ya mbao, anayeshusha viazi sokoni Virunga hulipwa kwa faranga, na mama anayeuza nyanya Birere vilevile. Dola ikipanda asubuhi, mwenye duka hubadilisha bei kabla ya jioni. Mshahara wa serikali husubiri uamuzi wa Kinshasa. Nionavyo mimi, pengo kati ya tajiri na maskini pale linaanzia hapo: unalipwa kwa sarafu gani?

Na ile mikopo ya zamani? Wengi tulishangilia Julai 2010, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walipokubali Kongo ipunguziwe takriban dola bilioni 12.3. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya enzi za Mobutu na malimbikizo yake, kwa hiyo ilikuwa haki. Ila uliza mwalimu. Tangu miaka ya 1990, mshahara wa serikali uliposhindwa kumlisha, wazazi ndio waliomwongezea kupitia "prime", mchango waliolipa shuleni. Waliendelea kuilipa miaka tisa baada ya msamaha huo, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019. Deni la taifa lilifutwa kwa sehemu kubwa. La mzazi kwa shule lilibaki kwenye daftari.

Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini Goma. Benki zikafunga, na tawi la Benki Kuu pia. Kwa kawaida noti chakavu hurudi Benki Kuu na mpya hutolewa. Mzunguko huo ulikatika, noti zilezile zikazunguka mpaka wauzaji wengine wakaanza kuzikataa hata zile za faranga. Aprili CADECO, benki ya akiba ya serikali, ikafunguliwa na wakuu wapya, lakini mlango wa CADECO haukurudishii pesa ulizoweka benki nyingine. Mwalimu ambaye mshahara wake uliingia benki akaupata kwa simu, au akavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kuutafuta. Na pesa ya simu haigeuki noti bure. Wakala naye anatafuta noti kwa taabu, kwa hiyo anakata chake, na kadiri noti zinavyoadimika ndivyo anavyokata zaidi. Simlaumu sana, naye ana watoto. Ila anayekatwa zaidi ni yule asiyeweza kungoja: wa unga wa leo, wa dawa ya leo. Mwenye duka kubwa ana mtu Gisenyi na anaweza kungoja wiki.

Wandugu, likirimba zetu za huku, vikundi vyetu vya kuchangiana, nazo hutuma nyumbani kila mwezi. Tukituma dola 100 tunajihesabia tumetuma 100. Kabla ya kubonyeza, mpigie shangazi umuulize wakala wa mtaa wake anakata kiasi gani wiki hii, kisha uongeze hicho juu.